Istilahi za Tiba ya Tumbo kwa "Uhalisia Pepe": Uhakiki

Miongoni mwa mambo yanayowakabili wafasiri wa maandishi ya tiba siku hizi ni ile tiba ambayo mgonjwa huvishwa miwani mikubwa yenye kompyuta ndani yake, akaonyeshwa bahari, msitu au uwanda ambao haupo mbele yake, kwa nia ya kumpunguzia maumivu. Jambo lenyewe lilianzia Marekani. Hata hivyo maneno yake yamekwisha kuingia katika Kiswahili, ama kwa mikono ya wafasiri ama, na hili ndilo la kawaida zaidi, kwa mashine za kufasiri, wala hayakupita mlango wa baraza lolote la lugha. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo, hasa yanapohusu maradhi ya tumbo ya muda mrefu, kwa kuwa hapo ndipo kosa la istilahi linapogeuka upesi kuwa kosa la tiba.

Yafaa maana itangulie, ndipo jina lifuate. Tiba hii haikuanza na tumbo. Katika mwaka 1996 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson, walianza kuwavisha vifaa vya namna hii wagonjwa walioungua moto, wakati wa kusafishwa vidonda, saa ambayo hata dawa kali za kutuliza maumivu aghalabu hazitoshi. Mgonjwa aliliona korongo la barafu, akawa anarusha matonge ya theluji. Programu hiyo iliitwa SnowWorld. Hoja yao ilikuwa kwamba fahamu za binadamu zina mpaka, na akili iliyoshughulishwa na theluji hubakiwa na nafasi ndogo ya kuyashughulikia maumivu. Katika mwaka 2017 hospitali ya Cedars-Sinai ya mjini Los Angeles, ambako Daktari Brennan Spiegel ameshughulika sana na jambo hili, ilitoa taarifa ya wagonjwa 100 waliolazwa: 50 walivaa miwani, na 50 walitazama filamu ya mandhari tulivu katika kioo cha kawaida. Maumivu yalipungua kwa asilimia 24 katika kundi la kwanza, na kwa asilimia 13 hivi katika kundi la pili. Mwezi Novemba 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho EaseVRx kitumike, kwa cheti cha daktari, kwa watu wazima wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu.

Kutoka mgongo hadi tumbo si mbali. Mwaka 2023 madaktari wa Mayo Clinic, tawi la Florida, wakishirikiana na wenzao wa Los Angeles, walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 37 wenye tumbo lisilosaga chakula vizuri bila ya kidonda wala uvimbe wowote kuonekana. Jaribio lilichukua wiki mbili. Waliovaa miwani yenye mandhari ya kumzunguka mtu walipata nafuu; waliovaa miwani yenye picha bapa nao walipata nafuu kiasi, na idadi yenyewe ni ndogo mno kutoa hukumu. Hatusemi, basi, kwamba tiba hii imethibitika kwa tumbo kama kwinini ilivyothibitika kwa malaria. Tunasema kuwa ipo, inajaribiwa, na inafasiriwa.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni lile la mashine. Mashine za kufasiri, na kurasa nyingi zilizopitishwa humo bila ya mtu kuzisoma, huliita jambo hili "ukweli halisi". Msomaji na atafakari. Mambo yanayoonekana ndani ya miwani si ya kweli, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Kiswahili cha mashine kinatwambia kuwa si ya kweli tu, bali ni ya kweli halisi. Neno la Kizungu linalofasiriwa hapa lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya nguvu na ubora, likaja kumaanisha kitu chenye athari ya kitu fulani bila ya kuwa kitu hicho kwa umbo. Mashine haikuona "bila ya kuwa", ikaona "kitu" tu. Miwani yenyewe nayo haikupona. Kwa kuwa kifaa kinachovaliwa kichwani kwa ajili ya kusikilizia muziki huitwa kwa Kizungu kwa jina lilelile, miwani hii imepewa jina la "vichwa vya sauti". Kwa hiyo mgonjwa huweza kuelezwa avae vichwa vya sauti vya ukweli halisi ili atibiwe utumbo wenye hasira, na sisi hatuoni kwa nini asiinuke akaenda zake.

"Uhalisia pepe" ni jina la watu, si la mashine, na kwa hiyo lastahili kuhakikiwa kwa heshima. Limeenea katika programu za kompyuta, katika magazeti na katika vyuo. Waliolibuni walitazama "barua pepe", neno lililokubaliwa na wote tangu mtandao ulipoingia kwetu, wakaona kwamba "pepe" limekwisha kuwa alama ya mambo ya kompyuta. Hoja hiyo ina nguvu yake. Lakini tukilichambua jina hili neno kwa neno, tutaona lina nyufa mbili.

Ufa wa kwanza uko katika "uhalisia". Walimu wa fasihi wanalijua neno hili vyema. Ni jina la mkondo wa sanaa unaoonyesha maisha kama yalivyo, na katika miaka ya 1970 hapakuwa na mhakiki aliyeandika kurasa 10 bila ya kuutaja uhalisia wa kijamaa. Hali ya kitu kuwa halisi ni "uhalisi". Tofauti ya "uhalisi" na "uhalisia" ni ileile ya "utaifa" kama hali na "utaifa" kama itikadi, ila hapa lugha imetupa bahati ya kuwa na maneno mawili, nasi twayachanganya kwa hiari yetu. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyefundishwa asubuhi kwamba riwaya fulani ni ya uhalisia, akaambiwa jioni na mwalimu wa kompyuta juu ya uhalisia pepe, ana haki ya kuuliza kama ni riwaya mbovu inayozungumzwa.

Ufa wa pili ni mpana zaidi. Kabla ya barua pepe, "pepe" lilikuwa na maana yake shambani: ni punje ya mpunga au ya nafaka nyingine iliyo ganda tupu, isiyo na kiini. Mkulima akipepeta, pepe hupeperuka, mchele hubaki. Pembeni mwa neno hili wamekaa jamaa zake wa sauti, "upepo" na "pepo", na huyu wa mwisho ndiye anayeingia hospitali kabla ya mgonjwa. Tunamwomba msomaji amfikirie mama mtu mzima, mkazi wa kijiji chochote cha pwani, anayeugua tumbo miaka 6, aliyekwisha kupimwa choo, damu na picha, akaambiwa kila mara kuwa hakuna kilichoonekana. Sasa anaambiwa kwamba ipo tiba ya uhalisia pepe. Masikioni mwake kuna mambo mawili tu ya kuchagua: ama daktari anasema maumivu yake ni pepe, yaani ganda tupu, ama anasema kuna pepo. Akichagua la kwanza atarudi nyumbani amevunjika moyo. Akichagua la pili atakwenda kwa mganga wa mapepo, ambaye pengine amekaa naye karibu zaidi kuliko daktari.

Watu watasema: hayo hayakutokea kwa barua pepe, mbona? Hayakutokea kwa sababu barua pepe ni barua ya kweli. Imeandikwa, imepelekwa, imesomwa, na mtu aweza kushitakiwa kwayo. "Pepe" pale humaanisha njia inayoipeleka barua. Katika "uhalisia pepe" neno lilelile linatakiwa liseme kwamba kitu chaonekana kipo kumbe hakipo. Dhana mbili zimepewa alama moja, na kanuni ya kwanza ya uundaji wa istilahi, ambayo kila mfasiri wa serikali hufundishwa, ni kwamba kila dhana iwe na alama yake. Ndiyo maana siku hizi twakuta "sarafu pepe", na hakuna ajuaye kama ni fedha zinazopelekwa kwa kompyuta au fedha zisizokuwapo. Jambo ambalo, tukiri, wenye sarafu hizo nao hawalijui sawasawa.

Lugha nyingine zimepita njia gani? Kifaransa kilikuwa na maneno hayo mapema: Antonin Artaud aliyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya tamthilia, akizungumzia ulimwengu unaozuka jukwaani, miaka 30 kabla ya Ivan Sutherland kuunda, mwaka 1968 huko Marekani, kifaa cha kuvaa kichwani chenye kuonyesha michoro ya kompyuta. Kiarabu husema "al-waqi al-iftiradhi", yaani mambo yaliyopo kwa kukadiria, kwa kuchukulia kuwa yapo. Jina hilo ni la hekima, kwani halisemi ni uongo wala halisemi ni kweli. Lasema tumekubaliana tuyachukulie hivyo. Kwetu shina hilohilo limetoa "faradhi", na "faradhi" ni sala tano. Mlango huo umefungwa.

Yapo majina mengine yanayojaribiwa. "Uhalisia wa mtandaoni" halifai, kwani miwani hufanya kazi hata pasipokuwa na mtandao. "Uhalisia dhahania" lina mantiki, lakini "dhahania" kwa walimu wa sarufi ni sifa ya nomino kama upendo na wivu, mambo yasiyoonekana kwa macho, ilhali miwani hii kazi yake ni kuonyesha. Kuna waliopendekeza kwa mdomo "kiinimacho". Kwa hakika neno hili ni zuri kwa umbo, nasi tunasikitika kulikataa. Lakini kiinimacho ni hila ya mtu anayechezea macho ya watu sokoni, kama yalivyo mazingaombwe, na daktari hawezi kuanza mazungumzo na mgonjwa kwa kujiita mwanamazingaombwe.

Rai yetu ni kwamba mafundi wa kompyuta waachiwe "uhalisi pepe", kwa sharti kwamba ile "a" ya mwisho iondolewe, kwa kuwa neno limekwisha kukaa kwao na kuling'oa ni kazi bure. Wasomaji wanakumbuka jinsi "ngamizi" ilivyoshindwa na "kompyuta" licha ya juhudi zote. Lakini katika maandishi ya hospitali, yaani karatasi za wagonjwa, fomu za ridhaa, mabango na mafunzo ya wauguzi, tunapendekeza kifaa kiitwe "miwani ya mandhari", na tiba iitwe "tiba ya miwani ya mandhari". Jina hilo lasema mtu anavaa nini na anaona nini. Halidai kuwa kinachoonekana kipo, wala halimshitaki mgonjwa. Tumekwisha kusikia pingamizi kwamba kifaa kina sauti pia, na kwamba mgonjwa hushika vidude mkononi. Ni kweli. "Ndege" nayo haisemi chochote juu ya injini wala petroli, na abiria hupanda.

Tugeukie sasa tumbo lenyewe, ambako mambo ni mabaya zaidi kuliko katika miwani. Maradhi yanayozungumzwa ni yale ambayo tumbo huuma, hujaa, huunguruma, huharisha au hufunga choo kwa miezi na miaka, lakini vipimo vya kawaida havionyeshi jeraha. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya na Marekani waliyaita kwa neno lenye maana ya utendaji, kwa kuwa umbo la kiungo ni zima na utendaji wake ndio ulioharibika. Mashine hufasiri neno hilo kuwa "ya kazi" au "inayofanya kazi". Matokeo yake ni "ugonjwa wa tumbo wa kazi". Watumishi wa serikali wanaofahamu sheria za fidia kwa wafanyakazi watashangaa kuona kiungulia kimeingizwa katika magonjwa ya kazi, pamoja na vumbi la migodini. Au ni "tumbo linalofanya kazi vibaya linalofanya kazi", sentensi ambayo tumeiacha kama ilivyo kwa kuwa hatuna la kuongeza.

Mwaka 2016 wataalamu wanaokutana kwa jina la mji wa Roma walitoa toleo la nne la vigezo vyao, wakasogeza mbele jina jingine: maradhi haya sasa huitwa kasoro za mahusiano ya ubongo na utumbo. Badiliko hili si la mapambo. Utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika katika nchi 33, kwa kuwahoji zaidi ya watu 73,000, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliohojiwa kwa njia ya mtandao zaidi ya asilimia 40 walikuwa na angalau kasoro moja ya aina hii. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kuambiwa kuwa wana ugonjwa wa kufikirika. Na ushahidi kwamba si wa kufikirika ni wa zamani: katika mwaka 1973 daktari Mwingereza, James Ritchie, alijaza hewa puto dogo ndani ya utumbo mpana wa wagonjwa na wa watu wazima wa afya. Wagonjwa wengi zaidi waliona maumivu kwa kiasi kilekile cha hewa. Utumbo wao haukuwa na jeraha. Ulikuwa na usikivu uliozidi.

Hapo ndipo twaona ubaya wa "utumbo wenye hasira", jina ambalo limeenea katika kurasa za afya, pamoja na ndugu zake "utumbo unaokasirika" na "tumbo lenye kuudhika". Neno la Kizungu lina maana mbili, ya mtu mwepesi wa kukasirika na ya mshipa au msuli mwepesi wa kuitikia ukiguswa. Mfasiri amechukua ya kwanza. Hasira kwetu ni ya moyo, na mwenye hasira hulaumiwa. Pendekezo letu ni "utumbo mwepesi kuchokozeka". Ni refu, tunakubali. Lakini uchokozi hutoka nje ya anayechokozwa, na jambo hilo dogo la sarufi linamtoa mgonjwa katika kizimba. Tena tunasisitiza "utumbo", si "tumbo". Tumbo ni sehemu yote ya mwili kati ya kifua na nyonga. Pia ni mfuko wa chakula katika usemi wa kawaida. Utumbo ni lile bomba refu. Fomu nyingi huchanganya yote matatu, na "matumbo" hutumika huku na kule, ingawa kwa mama wa jikoni matumbo ni kitoweo.

Wafasiri wa mambo haya huchukulia kwamba Kiswahili hakina njia ya kusema kuwa fikra na utumbo vimeungana, na hivyo huanza kutengeneza maneno mapya marefu kama reli. Lakini lugha hii ilikwisha kusema. Mtu anayesubiri matokeo ya mtihani au hukumu ya mahakama huwa "tumbo joto". Aliyechokozwa "hutibuliwa nyongo". Mwenye huzuni nzito "hukatwa maini". Hatudai kwamba misemo hii ni fisiolojia. Tunadai kwamba muuguzi akimwambia mgonjwa, "Unaijua hali ya tumbo joto? Basi njia ile ile inayopeleka hofu tumboni hupeleka pia maumivu kutoka tumboni kwenda kichwani, na yako imekuwa wazi kupita kiasi," atakuwa amefasiri kurasa 3 za kitabu. Na atakuwa amesema kweli: katika neva kubwa inayounganisha ubongo na viungo vya ndani, nyuzi nyingi, takriban asilimia 80, hupeleka habari juu na si chini. Kinyume chake, hatushauri "chango" na "ngiri" zitumike katika fomu, ingawa wagonjwa watazitaja. Maneno hayo ni mapana mno. Chango huweza kuwa mnyoo, maumivu ya tumbo au maradhi ya uzazi, na ngiri ya hospitali ni kitu kingine kabisa na ngiri ya mitaani.

Neno "sugu" nalo linahitaji ulinzi. Zamani lilitosha: ugonjwa sugu ni ule usioondoka upesi. Lakini leo serikali na mashirika yanatangaza kila siku juu ya "usugu wa dawa", yaani vimelea kutosikia dawa. Mgonjwa aliyelisikia tangazo hilo, akaambiwa ana "dalili sugu za tumbo", atafahamu kuwa dawa zote zimeshindwa. Tungependa "sugu" libaki kwa vimelea, ambako limekwisha kupata kazi maalumu, na "ya muda mrefu" litumike kwa maradhi, japo halina uzito wa sauti. "Donda ndugu" libaki lilivyo, kwa kuwa hakuna atakayelikosea.

Tumalizie na fomu ya ridhaa, kwa kuwa ndiyo karatasi yenye uzito wa sheria. Kila jaribio la aina hii lina kundi linalopewa kitu kinachofanana na tiba lakini kisichotarajiwa kutibu, kama zile picha bapa za Florida. Fomu tulizozipitia za majaribio mbalimbali ya dawa huandika "dawa bandia" au "tiba feki". Hili ni kosa la hatari. Dawa bandia ni dawa ya kughushi, na mamlaka za dawa za nchi zetu huwakamata wanaoziuza. Mgonjwa hawezi kutia sahihi kwamba amekubali kupewa kitu ambacho muuzaji wake hufungwa jela, na akitia sahihi basi hakufahamu, na ridhaa ya asiyefahamu si ridhaa. "Plasebo" yatosha kwa vidonge, ikielezwa mara moja. Kwa miwani twapendekeza "tiba ya ulinganisho".

Madhara nayo yasemwe kwa maneno ya watu. Katika jaribio lililotegemewa kuidhinisha kifaa cha maumivu ya mgongo, takriban mshiriki 1 kati ya 5 aliona taabu kuvaa kifaa kichwani, na karibu 1 kati ya 10 alipata kichefuchefu na ile hali ipatayo wasafiri. Kwa mtu ambaye kichefuchefu ndicho kilichomleta hospitali, hiyo si habari ya kuandikwa kwa herufi ndogo. Tumeona ikifasiriwa "ugonjwa wa mwendo", ambao hausemi lolote. Mabaharia wetu husema mtu "amelewa bahari". Na aandike mfasiri, "huenda ukalewa kama mtu anayelewa bahari, ukapata kizunguzungu na kichefuchefu, ikiwa hivyo, vua miwani mara moja."

Hospitali za Marekani zipokeazo fedha za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 zisimbague mtu kwa lugha yake, na miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko huko ni maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo. Fomu za Kiswahili za tiba hii, kwa hiyo, huenda zikasomwa na Mkongo wa Bukavu kabla ya kusomwa na Mtanzania wa Tabora. Mkongo huyo humwita daktari wa hospitali "munganga". Mtanzania anaye Mganga Mkuu wa Serikali, lakini akisikia "mganga" tu bila ya cheo huwaza mizizi na hirizi. Ndiyo maana katika fomu yoyote inayotaja miwani ya mandhari tunashauri liandikwe "daktari", ambalo wote wawili hulifahamu, na sentensi ya kwanza isomeke hivi: "Maumivu yako ni ya kweli. Mandhari utakayoiona ndani ya miwani si ya kweli; imetengenezwa kwa kompyuta, na waweza kuivua wakati wowote bila ya kuulizwa sababu."